Ulinifichaka Maneno Gani? Game of Thrones na Kazi ya Mtu wa Lugha

Mabishano juu ya Game of Thrones katika fakilte yetu huishia mahali pamoja. Aliyesoma vitabu anasema tamthilia imeharibu kazi ya George R. R. Martin. Asiyesoma anajibu kwamba vitabu ni virefu mno na mwandishi mwenyewe hajavimaliza. Kisha taksi-basi inafika, kila mtu anarudi kwao. Nimeshiriki mabishano hayo nikiwa upande huu na upande ule, na sasa naona kwamba tulikuwa tunauliza swali moja tu, la watu wa fasihi. Sisi wa lugha za Kiafrika tuna swali letu. Tamthilia ilipovichukua vitabu vile na kuvipeleka kwenye kioo, ilizifanyia nini lugha za watu waliomo ndani yake? Na siku mtu atakapouchukua utendi wa kwetu ili aufanyie vivyo hivyo, kazi ya lugha itafanywa na nani?

Kwa msomaji ambaye hakuangalia, nitaeleza kwa ufupi. Martin aliwahi kufanya kazi ya kuandikia televisheni ya Marekani katika miaka ya 1980. Alichoshwa na kuambiwa kila siku apunguze: watu wamezidi, vita vimezidi, gharama imezidi. Alipoanza kuandika habari za falme saba zinazogombea kiti kimoja, aliziandika kubwa makusudi, zisiingie katika televisheni yoyote. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha tano mwaka 2011, na cha sita wasomaji wanakingoja hadi leo. Televisheni ikaja kumbisha hodi hata hivyo. Tamthilia ya HBO, iliyoongozwa na David Benioff na D. B. Weiss, ilianza tarehe 17 Aprili 2011 na kumalizika tarehe 19 Mei 2019, sehemu 73 katika misimu minane.

Malalamiko ya wasomaji nayajua na mengi nayakubali. Katika kitabu kila sura inabeba jina la mhusika mmoja, nasi tunaona kwa macho yake tu na kusikia mawazo yake. Kamera haina mlango wa kuingia humo. Mama aliyekufa na kurudi mwishoni mwa kitabu cha tatu hakurudi kwenye kioo. Watoto wa kitabuni wamekuzwa wakawa vijana. Tamthilia ilipovipita vitabu, ikaanza kukimbia, na safari zilizochukua sura kumi zikawa za dakika kumi. Hayo yote ni kweli, na yameandikwa sana. Sitayarudia.

Yasiyosemwa sana hapa kwetu ni kwamba kuna mahali tamthilia ilifanya kazi ambayo vitabu havikuifanya. Martin si Tolkien. Tolkien alikuwa profesa wa lugha huko Oxford, alitunga lugha kwanza, hadithi zikafuata. Martin aliandika kwamba watu fulani wanasema Kidothraki, akatupa majina na maneno machache, akaendelea na hadithi yake. Kwa msomaji hayo yanatosha, kwa sababu mwandishi anaweza kusema „alijibu kwa lugha yao” na kazi ikaisha. Mwigizaji hawezi. Mwigizaji lazima afungue mdomo, na kitu fulani kitoke.

Ndiyo maana mwaka 2009 watayarishaji waliwaendea watu wanaotunga lugha. Palifanyika shindano, na aliyeshinda ni David J. Peterson, kijana mwenye shahada ya isimu. Namna alivyoanza itatufurahisha sisi tuliofanya kozi ya utafiti wa nyanjani. Aliyachukua maneno yote yaliyomo vitabuni kana kwamba ni data iliyoletwa kutoka kijijini, akayalinganisha, akatafuta ni sauti gani zinaruhusiwa, mpangilio wa maneno ukoje, kiambishi kipi kinajirudia. Kutoka kwenye khal, khaleesi na khalasar unaweza kuanza kuona mofolojia. Hakuruhusiwa kuyapinga yaliyochapishwa. Alipaswa kujenga sarufi ambayo ingeyazaa yale yale. Kabla ya sehemu ya kwanza kuonyeshwa alikuwa tayari na maneno zaidi ya elfu moja, na nomino zilizogawanyika kati ya vyenye uhai na visivyo na uhai. Alipoulizwa juu ya lugha zilizomwongoza, alitaja Kirusi, Kituruki, Kiestonia, Kiinuktitut, na Kiswahili.

Kwa msimu wa tatu, mwaka 2013, alitengeneza Kivaliria cha Juu, lugha ya kale ya wenye majoka, pamoja na lahaja zilizotokana nacho. Nomino za Kivaliria zina makundi manne, na kila kundi linaitwa kwa nomino moja iliyomo ndani yake: la mwezi, la jua, la ardhi, la maji. Vivumishi hufuata. Aliyetoka kwenye kozi ya ngeli za Kibantu hatashangaa hata kidogo. Atauliza tu kwa nini ni manne peke yake.

Sasa nifike mahali paliponifanya niandike makala haya. Katika kitabu cha tatu, cha mwaka 2000, Daenerys, malkia kijana asiye na nchi, anafika mji wa Astapor kununua askari watumwa. Muuzaji ni tajiri mmoja anayeitwa Kraznys. Anasema kwa lugha yake, na mkalimani wake ni Missandei, mtumwa. Kraznys anamtukana mteja wake kila sentensi, kwa maneno ambayo jarida hili halitayachapisha. Missandei anafasiri kwa adabu: bwana wangu anasema mwili wa askari huyu hausikii maumivu, bwana wangu anauliza kama umeridhika.

Kitabuni Martin anatuambia mapema kwamba Daenerys anaisikia lugha hiyo vizuri na anajifanya hasikii. Tumo kichwani mwake, kwa hiyo hawezi kutuficha. Tunasoma matusi pamoja naye na tunangoja. Kwenye kioo hatumo kichwani mwake. Tunamwona mwanamke anayemtazama mkalimani, anangoja tafsiri, anajibu. Asiyesoma kitabu anaamini kwamba haelewi. Halafu siku ya malipo, mnyororo wa joka ukiwa mkononi mwa Kraznys, Daenerys anageuka na kumjibu kwa Kivaliria safi, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nacho. Tajiri anaelewa kwa mara moja kwamba kila tusi lilifika. Muda mfupi baadaye anaungua.

Je, tamthilia imekiuka kitabu? Imeondoa jambo moja ambalo kitabu kilitupa, yaani kujua. Lakini kwa kuliondoa imetuweka sisi watazamaji mahali pa Kraznys. Sisi pia tulimdharau. Na jambo hilo lingeshindikana kabisa kama lugha yenyewe isingekuwepo. Kama Kraznys angesema Kiingereza chenye lafudhi, au maneno ya kubabaisha tu, jibu la Daenerys lisingekuwa na uzito. Sarufi ya Peterson ndiyo iliyoubeba mlango, na mlango ukafunguka.

Nilijua hayo yote kwa nadharia. Nkambo ndiye aliyenifundisha mengine.

Kwetu Kasungami tuliangalia tamthilia hii kutoka kwenye flashi, yenye sauti za Kifaransa. Nkambo, mama wa baba yangu, alizaliwa kijijini upande wa Lualaba, Kiluba ndicho chake, Kiswahili cha mji ndicho anachosemea na majirani. Hasomi. Basi kazi ya kufasiri ilikuwa yangu, kama ilivyokuwa yangu tangu nikiwa na miaka 9 au 10: barua za shule, karatasi za dawa, habari za televisheni. Wengi wanaosoma makala haya walifanya kazi hiyo hiyo nyumbani mwao. Kitabuni, kwa taarifa yenu, Missandei ni mtoto wa miaka kama 10. Tamthilia ilimfanya mwanamke mzima. Hapo nadhani walipoteza kitu ambacho watoto wengi wa Lubumbashi wangekitambua: mtoto aliyesimama katikati ya watu wazima wawili, anayejua kwamba usalama wake uko katika kuchagua maneno.

Tulipofika Astapor, sauti za Kifaransa zilinyamaza na maandishi yakatokea chini ya picha, kwa sababu Kraznys anasema Kivaliria. Nikaanza kumsomea nkambo. Sentensi ya kwanza ilinishinda. Huwezi kumtamkia nkambo wako maneno yale. Nikasema: „Anasema huyu bibi amekuja toka mbali.” Sentensi ya pili nikasema: „Anauliza kama ana pesa.” Niliendelea hivyo hadi mwisho, nikaona nimeponea.

Daenerys alipojibu, nkambo alipiga makofi. „Kumbe alikuwa anasikia byote!” Akacheka hadi akafuta macho. Kisha akanigeukia. „Na weye, mwana, ulinifichaka maneno gani?”

Nikasema sikuficha. Akasema sura ya yule mwanaume haikuwa sura ya mtu anayeuliza habari za pesa.

Nkambo hakuwa na Kivaliria, wala maandishi ya Kifaransa, lakini alikuwa na uso wa mwigizaji, toni ya sauti, na uzoefu wa maisha marefu. Amekaa mbele ya madirisha mengi ya ofisi ambako watu wawili husemezana Kifaransa juu ya kichwa chake kana kwamba ni kiti. Anajua sauti ya dharau katika lugha yoyote. Nilidhani namlinda, kumbe nilikuwa nimemweka kando ya mazungumzo, kama wanavyofanya wale wa madirishani, ila mimi kwa heshima. Na heshima hiyo ilimnyima nusu ya hadithi: kama hukusikia matusi, jibu la Daenerys ni ujanja wa biashara tu.

Hoja yangu ya kwanza basi ni hii. Kutoa hadithi kitabuni na kuipeleka kwenye kioo, na kuitoa kwenye kioo na kuipeleka kwenye kiti cha nkambo, ni kazi ya aina moja. Katika zote mbili kuna anayepunguza, na kupunguza si dhambi. Kosa ni kupunguza kile ambacho mwisho unakitegemea.

Mfano wa pili ni wa wanaisimu hasa. Katika vitabu kuna utabiri wa kale juu ya mwana wa mfalme atakayeleta mapambazuko, na kwa muda mrefu wote wanamtafuta mwanaume. Katika kitabu cha nne, cha mwaka 2005, mzee Aemon, msomi kipofu aliye karibu kufa, anatambua kwamba kosa lilikuwa la tafsiri. Majoka si dume wala jike, lugha ya kale haikutaja jinsia, na wafasiri waliwapotosha watu kwa miaka elfu moja. Ametambua, lakini yuko mgonjwa safarini baharini, hana nguvu ya kufanya lolote. Tamthilia iliyaondoa majoka katika hoja hiyo, ikaiacha sarufi peke yake, na ikaitoa mdomoni mwa mzee na kuitia mdomoni mwa Missandei. Katika msimu wa saba, mwaka 2017, mbele ya baraza, mkalimani anamkatiza mtu anayesema kwa uhakika mkubwa na kueleza kwamba neno lile la Kivaliria halina jinsia; anaweza kuwa wa kiume, anaweza kuwa wa kike.

Napenda mabadiliko hayo, ingawa yana gharama. Huzuni ya Aemon imepotea: mtu aliyesoma maisha yote na kujua ukweli siku ambayo haumfai tena. Badala yake tumepata mkalimani anayesahihisha kazini, wakati usahihisho bado una faida. Aliyekuwa mdomo wa Kraznys sasa anasema kwa akili yake mwenyewe. Mtu wa lugha anaingia barazani, na siasa inabadilika kwa sababu ya ngeli moja.

Lakini jaribuni kuifasiri sehemu hiyo kwa Kiswahili. Nilimwambia nkambo: „Wanamtafuta mwana wa mulopwe, na sasa huyu binti anasema anaweza kuwa mwanamke.” Akanitazama kama aliyeambiwa kwamba maji yanalowesha. „Mwana wa mulopwe ni mwana wa mulopwe. Nani alisema ni mwanaume?”

Hakuna aliyesema. Kifaransa kilisema, Kiingereza kilisema. Katika Kiluba na Kiswahili mwana ni mwana, yumo katika ngeli ya watu pamoja na wengine wote, na ukitaka kutaja jinsia lazima uongeze neno. Kitendawili kilichowachukua wasomi wa Martin miaka elfu moja, kwetu hakifungiki hata kidogo. Ilinibidi nimfundishe nkambo kosa la Kifaransa kwanza ili aelewe sahihisho lake. Hapo ndipo unapoona kwamba mfasiri wa tamthilia hii kwa Kiswahili hawezi kufuata neno kwa neno. Ingempasa aanze misimu sita nyuma, aseme „mwana wa kiume” kila utabiri unapotajwa, apande kosa kwa makusudi, ili siku ya Missandei livunjike. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua sarufi za pande zote mbili, si ya mashine, na si ya mtu anayelipwa kwa kurasa.

Nisije nikaonekana naisifu tamthilia bila kipimo. Iliwapa Wadothraki sarufi kamili, lakini iliwapa la kusema? Vitabu navyo havina sura hata moja inayoonwa kwa macho ya Mdothraki. Katika msimu wa kwanza tunawasikia wakiapa, wakitishia, wakioa, wakifa. Khal Drogo akishakufa, lugha yao inazidi kuwa sauti ya nyuma, pamoja na kwato za farasi. Katika msimu wa mwisho, usiku wa vita kubwa, mwanamke mgeni anamwomba mgeni mwingine awaambie kwa lugha yao wainue silaha zao. Wanainua, zinawaka moto, wanaingia gizani, na taa zinazimika moja baada ya nyingine. Sentensi ya mwisho wanayoipata kabla ya kuangamia ni amri, tena kwa mdomo wa mkalimani. Na mwishoni mwa msimu wa tatu, umati wa watu weusi na wa kahawia walioachiwa huru wanambeba mwanamke mweupe juu wakimwita kwa neno moja tu la lugha yao, „mama”. Nkambo aliuliza kama katika wale wote hakuna hata mmoja mwenye jina.

Hilo ni onyo kwetu. Lugha kusikika kwenye kioo hakutoshi. Unaweza kuipa lugha vitenzi, nyakati na ngeli, ukawanyima wasemaji wake mawazo. Tunajua hali hiyo bila kwenda Astapor: lugha zetu zinasikika katika matangazo ya sabuni na katika kampeni, na mambo mazito yanaporudi mezani, kila mtu anarudi kwenye Kifaransa.

Sasa utendi wetu. Mkoa huu una hadithi isiyo ndogo kuliko ya Martin: Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mkatili, jamaa ya upinde wa mvua, Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki na adabu za kifalme, asiyekula mbele ya watu, na Kalala Ilunga, mtoto wa Mbidi kwa dada ya Nkongolo, anayekuwa shujaa wa mjomba wake hadi mjomba anapomwogopa na kumchimbia shimo la mikuki chini ya uwanja wa ngoma. Katika baadhi ya masimulizi, mpiga ngoma ndiye anayemwonya kijana kwa mapigo ya ngoma yake. Ilunga anaelewa, anaruka, anakimbia kuvuka Lualaba, na atarudi na jeshi.

Angalieni mpiga ngoma yule. Kiluba ni lugha ya toni, na ngoma inaweza kusema kwa sababu inafuata toni za maneno. Ni Astapor ile ile: uhai wa mtu unategemea kusikia maneno pale ambapo wengine wanadhani hakuna. Mkiitengeneza tamthilia hiyo kwa Kifaransa, ngoma inakuwa kelele, na itabidi mhusika fulani atuelezee. Mkiitengeneza kwa Kiswahili kitupu, hali ni hiyo hiyo, maana Kiswahili hakina toni. Mkimwacha mtazamaji azoee Kiluba cha ikulu kwa sehemu nne au tano, ya sita ataisikia ngoma mwenyewe, au angalau atajua kwamba kuna cha kusikia.

Na kitabu kipi tutakifuata? Historia hiyo ilitunzwa na chama cha Mbudye, kwa lukasa, ubao mdogo wenye shanga ambao mtunza kumbukumbu anaushika kwa mkono mmoja na kuugusa kwa kidole cha mkono wa pili huku akisimulia. Shanga ni zile zile, lakini usimulizi unabadilika kufuatana na nani amekaa mbele yake na kwa sababu gani. Upande wa mashariki, utendi wa Mwindo wa Wanyanga ulichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na mwanaisimu wetu Kahombo Mateene, kutokana na usimulizi wa Candi Rureke wa mwaka 1956. Rureke alisimulia na kuimba kwa siku 12, na kabla ya hapo hakuwahi kuisimulia hadithi yote kwa mfululizo namna ile. Kwa maneno mengine, kitabu tunachokiheshimu kama asili kilizaliwa kwa sababu mtu fulani aliomba sehemu zote zifuatane. Wasimulizi wetu walikuwa na misimu na sehemu kabla ya televisheni.

Kwa hiyo siogopi kukata wala kupanga upya. Naogopa kubadilishwa kwa sheria ya hadithi. Mwindo anamuua Kirimu, joka la msituni, na mwanaisimu atalitambua mara moja jina hilo kuwa ndugu wa mzimu wetu. Katika tamthilia za kigeni, anayeua joka hupigiwa makofi. Mwindo anaadhibiwa: joka lilikuwa na rafiki, Nkuba, mwenye radi, naye anampandisha kijana juu angani ateseke kwa baridi, mvua na jua hadi ajifunze kwamba duniani hayuko peke yake. Ndipo anarudi kuwa mtawala mwema. Mwandishi wa tamthilia aliyelelewa na HBO peke yake ataikata safari hiyo ya angani kwa sababu inapunguza mwendo, na atakuwa ameukata utendi wenyewe, hata kama atayaacha majina yote.

Nasikia tayari jibu la wenzangu: pesa za HBO ziko wapi? Joka la kwetu litachorwa na nani? Jibu langu ni kwamba tusianze na joka. Mji huu ulikuwa na kundi la Mufwankolo, lililochezea redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Johannes Fabian alilifuata mwaka 1986 likitengeneza mchezo mzima kutoka kwenye methali moja juu ya utawala, bila maandishi ya kukariri, kwa mabishano ya waigizaji wenyewe juu ya maana yake. Kitabu chake cha mwaka 1990 kimo katika kozi zetu. Watu walicheka, na walielewa kilichokuwa kinasemwa juu ya wakubwa. Shimo la mikuki, ngoma, na kijana anayeruka: hayo yanahitaji uwanja, waigizaji na masikio.

Wengine watauliza ni Kiswahili kipi. Makala haya nimeyaandika kwa sanifu, kama jarida letu linavyotaka, na sioni ubaya. Lakini sanifu si lugha ya nyumba yangu. Tamthilia ya Kalala Ilunga ambayo watu wa Kasungami watasema „njo vile tunasemaka” itakuwa na Kiluba ikulu, Kiswahili cha mji kwa msimulizi, na lafudhi ya mbali kwa Mbidi, mgeni wa mashariki. Peterson aliipa Astapor lahaja yake ambayo haikuwahi kuwepo duniani. Sisi lahaja tunazo, na wenye kuzisema ni wazima.

Majirani huniuliza lugha ninazosoma zitanilisha nini. Swali ni la haki kwa mtu wa miaka 24 ambaye bado anakula kwa baba yake. Zamani nilikuwa nacheka tu. Sasa najibu kwamba kuna kazi ambayo haijafanyika, na atakayeifanya lazima ajue toni, ngeli na adabu za lugha mbili kwa pamoja. Kwa fakilte ninaomba jambo dogo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho achague dakika kumi za tamthilia au filamu yoyote, amfasirie mzee mmoja wa nyumbani kwao, arekodi, na aandike si tafsiri yake tu bali maswali aliyoulizwa. Kwa miaka mitatu tutakuwa na hazina ambayo hakuna studio ya ng'ambo inayo: sauti za watazamaji wetu wakituambia mahali hadithi ilipofungika na mahali ilipofunguka.

Nitaanza na yangu. Nkambo hakuliacha swali lake. Jioni ya pili aliuliza tena, na nikamwambia maneno ya Kraznys moja baada ya jingine, nikitazama chini, kwa Kiswahili, na lile baya zaidi kwa Kiluba kwa sababu yeye mwenyewe alinisaidia kupata neno. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka. Kisha akasema: „Sasa rudisha nyuma. Tuangalie tena.”